Venant Maige na Unga wa Mapanki

Si kweli kwamba Venant Maige alihongwa jokofu. Jokofu linalosemwa lilitoka Shinyanga mwaka 1989, kwa kaka yake Wilhelmina aliyekuwa anahama, na lilifika Butimba juu ya lori la pamba mchana kweupe, miaka sita kabla ya karatasi ya mapanki kuandikwa. Majirani waliosaidia kulishusha bado wapo hai, na ni haohao leo wanaosema hawajui lilitoka wapi. Si kweli pia kwamba alikunywa dawa ya maabara. Alikufa kwa shinikizo la damu, kitandani kwake, juu ya shuka safi, na padri alikuwa ameshafika. Wala si kweli kwamba alikuwa hajui kazi yake. Aliijua kuliko wote waliomcheka, na hilo ndilo linalouma.

Anayeandika haya ni mjane wake. Atajitaja kwa jina, Wilhelmina, kama atakavyowataja wengine, maana habari hii ni ya Venant. Aliishi naye miaka ishirini na mitatu. Mengi yanayofuata aliyasikia kinywani mwake, mengine aliyaona.

Venant alizaliwa ng'ambo ya ghuba, Sengerema, katika nyumba ya mkulima wa pamba na mihogo. Alipokuwa na miaka saba, mdogo wake aitwaye Rose aliachishwa ziwa na kuanza kula walichokula wakubwa: ugali wa udaga, yaani mihogo iliyovundikwa, na mlenda, asubuhi na jioni. Baada ya miezi michache uso wa mtoto ukawa wa mviringo, watu wakasema amenenepa. Kisha miguu ikavimba, nywele zikageuka rangi ya kutu, ngozi ikaanza kubanduka. Hapo wakaacha kusema amenenepa, wakasema amebemendwa. Yaani mama amekutana na mwanamume kabla ya wakati wake na kumharibu mtoto. Baba mwenyewe alikuwa kibaruani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba msimu mzima, kwa hiyo tuhuma ikawa nzito maradufu. Mama aliwekwa katikati ya wanawake wa ukoo na kuulizwa jina la huyo mwanamume. Hakuwa na jina la kutaja. Rose akafa, na mama akaendelea kuishi kati ya watu waliomtazama kwa pembe ya jicho.

Miaka minane baadaye, akiwa kidato cha pili, Venant alimwona mwalimu wake akichora mnyororo ubaoni. Protini, mwalimu alisema, ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Vipo aina ishirini hivi. Vingine mwili huvitengeneza wenyewe, vingine lazima vije na chakula, na kikikosekana kimoja tu kati ya hivyo ujenzi wote husimama, hata kama vingine vimejaa tele. Ni kama mtu anayetaka kuandika jina Maige lakini hana herufi g. Mtoto aliyekosa vipande hivyo, mwalimu akaendelea, huvimba miguu na nywele zake hugeuka rangi. Venant aliomba ruhusa ya kutoka nje. Alimwambia Wilhelmina kwamba alisimama nyuma ya darasa akalia, si kwa huzuni, kwa furaha.

Likizo ilipofika alivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, akatembea mpaka nyumbani, akamkuta mama yake jikoni.

"Mama, Rose hakubemendwa. Alikosa protini."

"Huyo ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni kitu kilichomo ndani ya samaki na maharage. Ni kidogo mno, hakionekani."

Mama alichochea moto kwanza. "Basi waite shangazi zako. Uwaambie hao, mimi najua sikufanya."

Waliitwa, wakakaa, wakasikiliza mpaka mwisho. Shangazi mkubwa akajifunga kanga vizuri na kusema, "Kijana amesoma kweli. Amemtafutia mama yake wakili asiyeonekana." Wakacheka mpaka machozi, wakaondoka.

Lakini mama alikuwa ameamini, na kwa Venant hilo lilitosha kumfunga maisha yake yote. Molekuli haina ukoo, alizoea kusema. Haina fitina, haisikilizi shangazi. Ukitaka kujua kwa nini mtoto amekufa, usiulize nani alilala wapi, uliza mwili ulikosa kipande gani. Alisomea sayansi ya chakula Morogoro, akaajiriwa kwenye maabara ndogo ya serikali hapa Mwanza, na alasiri mbili kwa wiki alifundisha lishe walimu wanafunzi. Wao walimwita Bwana Protini, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kuonyesha.

Wilhelmina alikuwa mwalimu wa kemia katika sekondari ya wasichana, Mhaya wa Kamachumu. Walioana mwaka 1976 na mzaliwa wao wa kwanza aliitwa Rose. Meza yao ya chakula haikupoa. Wilhelmina alisema mbele ya wageni kwamba akila ugali anashiba, lakini hajala mpaka ale ndizi.

"Mama Rose, tumbo lako limejaa wanga uleule," Venant alisema. "Sukari inayotoka kwenye ndizi na inayotoka kwenye mahindi ukiziweka mezani, hata malaika hazitofautishi."

"Malaika hapiki."

"Mwili hausomi jina la chakula!"

"Mwili hausomi, lakini anayepika anasoma. Wewe unaongea kama vile chakula kinajipeleka chenyewe mdomoni."

Wageni walicheka. Ulikuwa mzaha, lakini haukuwa mzaha mtupu. Venant aliamini kwamba ukikivua chakula jina lake, ladha yake, mila yake na mkono wa aliyekipika, kinachobaki ndicho chakula chenyewe. Wilhelmina aliona kwamba ukivua vyote hivyo, unabaki na unga usio na mtu wa kuula. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na hawakuwa na haraka.

Kisha likaja soko huria. Viwanda vya samaki vikajipanga kando ya ziwa, sangara wakashushwa kwa tani, minofu ikakwanguliwa, ikagandishwa na kupaa kwenda Ulaya. Furu, vile visamaki vidogo walivyokula watu maskini pamoja na mifupa yake, walikuwa wamekwisha kuliwa na huyo sangara. Sato akawa samaki wa wenye nafasi. Kilichobaki kwa mji ni mapanki: kichwa, uti wa mgongo na mkia, baada ya kisu cha kiwanda kuchukua chake. Wanawake waliyanunua langoni, wakayaanika, wakayakaanga na kuyauza. Watu walioishi juu ya ziwa la samaki wakawa wanakula mabaki ya meza ya watu wasiowajua.

Mwaka 1995 alitokea Yakobo Shimba. Aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, akapunguzwa, akapata mashine ya kusaga. Alikuwa mtu wa maneno matamu na kofia ya pama. Parokia moja ilikuwa na kituo cha lishe chenye watoto arobaini, wengi wao wameachishwa ziwa na hali zao mbaya, na kamati ya kituo ilikuwa imechoka kununua maziwa ya unga. Yakobo akawaambia atawasagia unga wa mapanki wauchanganye kwenye uji wa mahindi. Kamati ikasema sawa, ila alete karatasi ya serikali. Ndipo akaja Butimba.

"Ngosha!" aliita kabla hajafika mlangoni, kama wanaume wa Kisukuma wanavyoitana. "Bwana Protini! Nimekuja na kazi itakayokupeleka mbinguni bila foleni."

"Mbinguni hawahitaji mtu wa maabara."

"Watamhitaji. Wajue nani alikula nini." Akamsalimu Wilhelmina kwa adabu, akakaa, akaeleza. Venant alimsikiliza akiwa ameinama mbele, na Wilhelmina aliona macho yake yamewaka. Watoto walioachishwa ziwa, uji, protini: huyo Yakobo asingeweza kuchagua maneno bora kuliko hayo hata kama angeambiwa.

Sampuli ililetwa baada ya siku tatu, mapanki makavu yaliyofungwa kwenye mfuko safi. Venant aliyasaga mwenyewe. Aliuchemsha unga katika tindikali kali mpaka ukayeyuka wote na kuwa maji maangavu, akaukamata mvuke wa amonia uliotoka, akapata kiasi cha naitrojeni, akazidisha kwa sita na robo, kama inavyofanyika kila mahali. Ikaja asilimia arobaini na sita. Unga wa mahindi haufiki hata kumi. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa protini. Akaandika 46, akatia sahihi, mhuri ukagongwa.

Jioni alimwonyesha mkewe karatasi. Wilhelmina aliisoma, akauliza kama mwalimu wa kemia anavyouliza.

"Umepima protini, au umepima naitrojeni?"

"Ukienda hivyo, Mama Rose, hakuna aliyewahi kupima protini. Dunia nzima tunapima naitrojeni, tunazidisha, tunaita protini."

"Najua. Nauliza kama wewe unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Na sampuli ulienda kuichukua mwenyewe?"

"Nililetewa."

"Na nani?"

"Ah! Molekuli haijali nani ameibeba."

Wilhelmina hakuendelea. Alikuwa na madaftari ya kusahihisha, na mumewe alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameiona usoni mwake kwa muda mrefu. Akamrudishia karatasi. Wanaodai kwamba alimsukuma aandike, wajue kwamba hakumsukuma, ila pia hakumzuia.

Miezi saba ikapita. Siku moja mchana muuguzi wa kituo, dada mmoja mnyoofu aitwaye Selina, alikuja maabara akiwa na unga kwenye gazeti.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeuchota kwenye gunia lenyewe, bila kumwambia mtu. Watoto hawaongezeki."

"Wanakula?"

"Wanakula, wanamaliza. Wawili wameanza kuvimba miguu. Njoo uone."

Akaenda. Kwenye mkeka kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili, Princess, amekaa kimya kama mtu mzima aliyefiwa. Uso wa mviringo. Nywele zake zilikuwa rangi ya kutu. Venant alichuchumaa mbele yake muda mrefu hata Selina akamuuliza kama anajisikia vibaya. Alikuwa hajamwona mtoto wa namna ile kwa karibu tangu alipokuwa na miaka saba.

Usiku ule hakulala, na asubuhi alikuwa maabara kabla ya mlinzi kumaliza zamu. Alipima unga wa Selina mara tatu. Mara zote tatu ikaja arobaini na nne.

"Basi unga ni mzuri?" Selina aliuliza alipopita kuchukua jibu.

Venant aliitazama tena karatasi ya vipimo. Namba ilisema unga ni mzuri. Namba ileile aliyoitegemea tangu utoto, ile isiyo na fitina, ilikuwa imesimama mbele yake ikimwambia kwamba mtoto yule anakula protini tele. Kama namba ni kweli, basi ugonjwa wa Princess una sababu nyingine, na hapo shangazi zake wa Sengerema wangekuwa na la kusema. Kama mtoto ni kweli, namba ilikuwa inasema habari ya kitu kingine.

Akafanya siku hiyo jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo. Alishuka kwa miguu mpaka nyuma ya viwanda, pale mapanki yanapoanikwa, akauliza nani anamuuzia Yakobo Shimba. Akaonyeshwa mama wa makamo, Mkerewe, Odeta kwa jina, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akichambua. Vichwa vyenye nyama na mapande ya tumbo alitupa kushoto kwake, kwenye beseni. Mifupa ya migongo iliyokwanguliwa, mapezi na vipande vya ngozi alitupa kulia, juu ya tope, na nzi walikuwa wengi kuliko samaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unataka vya kukaanga? Chagua."

"Hivi vya kushoto vinakwenda wapi?"

"Vya kushoto ni vya watu. Vya kulia ni vya mashine ya Shimba."

Venant alivitazama vya kulia. "Mama, mwaka jana Shimba alikuomba mzigo mdogo wa kumpelekea mtu wa serikali."

"Aa! Kumbe ni wewe!" Odeta alifuta mikono, akatabasamu kwa meno yote. "Ulikuwa mtamu? Nilikuchagulia vichwa vilivyonona, vyenye mashavu. Nikaviosha kwa maji ya bomba, nikavianika juu ya jiwe, si hapa chini. Nilimwambia mwenzangu, leo bwana mkubwa atakula."

"Mama, sikula. Nilipima."

"Ulipima nini?"

"Nilitaka kujua unga wa Shimba una nini."

Tabasamu likapungua. "Sasa si angesema! Aliniambia andaa kidogo cha bwana mkubwa wa serikali. Mimi nimtumie bwana mkubwa mifupa? Ningeonekana mtu wa namna gani? Kwetu hata mgeni asiye na jina humpi mfupa mtupu."

Hapakuwa na mwizi pale. Yakobo hakubadilisha kitu, na huenda alikuwa hajui. Odeta alifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa ziwa lile angefanya akiambiwa aandae cha mtu wa heshima. Venant alikuwa amechukua adabu ya mama huyu, akaichemsha katika tindikali, akaipigia mhuri.

Alipoaga, Odeta alimwuliza kama anatoka upande wa parokia. "Mjukuu wangu yuko pale kituoni. Princess. Mama yake yuko Geita anawapikia wachimbaji. Ukipita, niangalizie."

Akamjibu kwamba atamwangalia.

Jioni ile, kwenye meza ileile ya mabishano, alimweleza Wilhelmina yote, na wote wawili walikuwa wanajua kemia ya kutosha kutohitaji maneno mengi. Protini ya ngozi na mifupa ni ile inayochemshwa ikatoa gundi. Ni protini, ina naitrojeni tele, lakini mnyororo wake umekosa kabisa kipande kimoja cha lazima, triptofani. Na mahindi, ambayo ndiyo uji wenyewe, yana upungufu wa kipande hichohicho. Watoto walikuwa wanapewa maneno mengi yasiyo na herufi moja, na kuongezewa mengine yasiyo na herufi ileile. Kipimo hakikuona, kwa sababu kipimo huhesabu naitrojeni, na naitrojeni ya shavu la samaki, ya ukucha wa ng'ombe na ya harufu ya mzoga huandikwa safu moja.

"Nitaifuta ile karatasi," Venant alisema. "Jumamosi kamati inakaa. Wazazi wataitwa."

Wilhelmina hatakana alichosema. Alisema, "Karatasi yako haina uongo. Ulipima ulicholetewa, na ulipata ulichoandika. Mwandikie padri barua ya faragha, unga usimamishwe, iishe. Ukisimama mbele za watu useme namba yako haina maana, hawatasikia kemia. Watasikia umekula rushwa."

"Na wale wanaopika majumbani wakiendelea kuununua kwa Shimba dukani, kwa sababu karatasi yangu imebandikwa kwenye ukuta wa parokia?"

"Una binti anasoma. Una jina."

Venant alikunja karatasi, akaikunjua tena. "Mama yangu alihukumiwa mbele za watu wote. Mimi nikamtetea jikoni, mbele ya wanawake watano. Unajua iliishaje." Kisha akasema neno ambalo mkewe hakulitarajia. "Nilisema molekuli haijali nani ameibeba. Ni kweli. Lakini mtoto anajali. Ulinishinda kwenye ile habari ya ndizi, Mama Rose."

Wilhelmina angependa kushindwa milele kuliko kushinda namna ile.

Alhamisi Princess akafariki. Alizikwa Ijumaa. Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa.

Venant alivaa suti aliyoishona kwa ajili ya harusi ya kaka yake, akasimama, akasoma kwa sauti ya darasani. Alisema karatasi yenye sahihi yake haifai kutumika. Unga uliopimwa si unga wanaopewa watoto. Na hata huo wanaopewa, kipimo hakiwezi kuonyesha ubaya wake. Yakobo Shimba alimwacha amalize, akavua kofia, akasimama taratibu.

"Mwalimu, nisaidie mimi niliyeishia darasa la nane. Ya kwanza ilikuwa ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Na hii ya gunia langu?"

"Arobaini na nne."

"Jamani! Watu wanagombana kwa mbili!" Ukumbi ukacheka. "Ngosha, sasa unakataa nini, unakataa mashine yako mwenyewe?"

"Nakataa jina tulilolipa namba. Kile ni kipimo cha naitrojeni, si cha protini inayojenga mtoto."

Baba mmoja akanyoosha mkono nyuma. "Kwa hiyo mlikuwa mnapima kitu kingine, mnakiita protini?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu zaidi ya miaka mia moja."

Safari hii kicheko kilikuwa na meno. Mtu akapaza sauti kwamba wasomi ndivyo walivyo, wakishalipwa wanasema hivi, wasipolipwa wanasema vile. Yakobo hakukanusha. Alitikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mwenzake, akasema, "Kama lilikuwa suala la fungu, ngosha, ungenifuata nyumbani. Sisi si wageni." Wilhelmina alikuwa safu ya pili. Alitazama mbele, hakugeuka kushoto wala kulia, na mikono yake ilikuwa juu ya mkoba.

Venant alikwenda ukutani, akabandua nakala ya karatasi yake, akaandika juu yake neno "Imefutwa", akatia sahihi na tarehe, akampa padri. Akakaa.

Unga ukasimamishwa siku ileile. Selina akaanza kupika maharage, dagaa waliosagwa wazima na karanga ndani ya uji. Ilipofika Pasaka nywele za watoto zilikuwa zimeanza kuota nyeusi kutoka kwenye mizizi. Hilo lipo kwenye kumbukumbu za kituo kwa yeyote anayetaka kusoma. Hakuna aliyetaka. Mwaka uliofuata ofisi ilipunguza wafanyakazi, na jalada la Venant lilikuwa na barua moja inayosema alifuta cheti chake mwenyewe hadharani. Akawa wa kwanza kwenye orodha. Yakobo Shimba sasa huuza unga uleule kwa wafuga kuku, na kuku wanapendeza. Kanisani watu humpisha kiti.

Miaka iliyobaki Venant alifundisha masomo ya jioni kwa watoto wa jirani, sebuleni. Hakusema tena kwamba mwili hausomi jina la chakula. Mji ulikumbuka karatasi ya kwanza na kusahau ya pili, kisha likaongezwa jokofu, kisha dawa ya maabara. Kama wale waliomwambia mama yake taja jina la mwanamume, hawa nao walitaka Venant ataje alipewa nini. Naye hakuwa na cha kutaja.

Alipofariki, mwezi Agosti 1999, Odeta alikuja msibani kutoka nyuma ya viwanda. Hakualikwa na hakuuliza mtu. Aliweka kanga yake chini, akakaa mkeka mmoja na mjane siku tatu, na siku zote tatu alilala palepale. Waliokuwapo waliwaona wakiongea kwa sauti ya chini, na tangu hapo Wilhelmina ameulizwa na shemeji zake, na wanajumuiya, na hata padri mpya: yule mama alikuja kusamehe au kulaumu, na alijibiwa nini.

Yaliyokuwa ya watu yameandikwa hapa. Hayo mengine hayatasemwa, asiulizwe tena.